Kofia nyingi, kazi moja: nani atampumzisha polisi wa Salamabila?

Kuna inchi ambamo mtu wa kazi ya Leta anajua siku yake ya mwisho toka siku ile ya kwanza. Kule Marekani, agent wa FBI, ile polisi ya serikali kuu ya Washington, anaingia kazini kabla ya kufika miaka 37. Akifika miaka 57, na ametumika miaka 20, sheria inamwambia: baba, ao mama, asante, rudisha silaha na kitambulisho. Hesabu ni nyepesi, 37 na 20 ni 57. Mkubwa wake anaweza kumuongezea muda kidogo kama iko sababu ya nguvu, lakini haiwezi kuwa desturi. Toka hapo anaanza kupokea pensheni. Wengine wanafundisha vijana, wengine wanaandika vitabu juu ya kazi yao, wengine wanakaa tu na wajukuu.

Tunaleta mfano huo si kwa kusifu Marekani. Ni kwa kuuliza swali moja dogo huku kwetu, Maniema ya kusini: polisi wa Salamabila, yeye, siku yake ya mwisho ni ipi?

Salamabila iko katika territoire ya Kabambare, karibu kabisa na mgodi wa Namoya. Watu wa Kasongo wanaijua, wa Kindu wanaijua, ata wa Bukavu wanaijua, juu ya dhahabu. Jina lenyewe linachezesha ulimi: salama, bila. Bila nini? Kila mtu anaweza kumaliza maneno hayo anavyotaka. Sisi leo tunayamaliza hivi: hakuna salama bila polisi, na hakuna polisi wa kweli bila mtu wa kumchunga toka siku anavaa kofia mpaka siku anaivua.

Kofia ya kwanza, kofia ya pili

Kwa kufahamu vizuri, tuchukue mtu wa mfano. Hatumpi jina, sababu si mtu mmoja, ni wengi. Tuseme alizaliwa Kabambare mwaka 1950, wakati Wabeleji wangali wanatawala. Wakati huo kulikuwa Force Publique, jeshi na polisi pamoja, ile ya Bula Matari. Wazee wa Kasongo walizaliwa wakisikia habari zake, sababu ni jeshi hilo lililoingia Kasongo mwaka 1893 katika vita na Waarabu-Waswahili. Mtu wa kijijini hakuona tofauti ya askari wa vita na askari wa kuchunga raia. Wote walivaa nguo moja, wote walibeba bunduki moja, na wote walikuja kudai kitu: kodi, kazi ya nguvu, ao watu wa kubeba mizigo. Kumbukumbu hiyo ingali katika damu yetu mpaka leo. Polisi akipita njiani, mtu anauliza kwanza: anataka nini?

Kijana wetu ana miaka 10 wakati wa uhuru, na Force Publique inaasi mwezi wa 7 mwaka huo huo wa 1960. Ana miaka 14 wakati Wasimba wanakamata Kindu, mwezi wa 7 mwaka 1964. Kindu ilirudishwa mikononi mwa serikali mwezi wa 11, lakini kule msituni, upande wa Fizi na Kabambare, waasi walibaki muda mrefu. Mmoja wa wakubwa wao aliitwa Laurent-Désiré Kabila. Tumkumbuke, atarudi katika habari hii.

Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ilikusanya polisi za majimbo na kufanya Polisi ya Taifa. Tuseme kijana wetu anaingia humo mwaka 1970, na miaka 20. Hiyo ni kofia ya kwanza. Haijapita ata miaka mitatu, mwaka 1972, Polisi ya Taifa inavunjwa na kumezwa na Gendarmerie. Bila kuhama nyumba, bila kubadilisha kazi, amelala polisi, ameamuka gendarme. Sasa yuko chini ya jeshi, na anafundishwa adabu ya kijeshi. Kofia ya pili.

Mwaka 1984 Mobutu anaongeza Garde civile. Sasa ziko nguvu mbili njiani, gendarme na garde civile, na raia mmoja tu wa kuzilisha zote mbili. Tunasema kuzilisha, na tunajua tunachosema. Mshahara ulikuwa unapungua nguvu mwaka kwa mwaka, na ile inayoitwa "Article 15", ni kusema jitafutie mwenyewe, ilikuwa imekuwa sheria kubwa kuliko zote. Mwezi wa 9 mwaka 1991 askari wa Kinshasa wenyewe walipora muji, sababu mshahara haukuwa mshahara tena. Mwezi wa kwanza 1993 ikarudia. Mtu aliyefundishwa kukamata mwizi aliona wakubwa na wadogo wa kazi yake wakibeba friji na matelevizyo barabarani.

Kofia ya tatu na ya nne

Mwaka 1997 ndio mwaka AFDL inaingia, na Mobutu anakimbia. Laurent-Désiré Kabila, yule wa msitu wa Fizi na Kabambare, sasa ni rais. Serikali yake inavunja Gendarmerie na Garde civile na kuanzisha Polisi ya Taifa ya Kongo, ile tunaita PNC mpaka leo. Basi, yule kijana aliyeingia kazini katika territoire ambako waasi wa Kabila walikuwa adui, sasa anavaa kofia anayopewa na Kabila mwenyewe. Ana miaka 47.

Kofia hiyo haikukaa ata miaka miwili. Mwezi wa 8 mwaka 1998 vita vya RCD vinaanza, na mwezi wa 10 Kindu inaanguka. Maniema inakuwa chini ya utawala mwingine, wenye polisi yake, wakubwa wake na mihuri yake. Na katika misitu ya Kabambare na Kasongo Mai-Mai wanapigana nao. Askari aliyebaki nyumbani alitumikia aliyekuwepo. Aliyekimbia alitumikia kule alikokimbilia. Kinshasa ilikuwa na orodha yake, na Goma ilikuwa na orodha yake. Mwaka 2003 inchi inaunganishwa, na polisi wa kila upande wanaingizwa katika PNC moja, pamoja na wengi waliotoka msituni.

Hesabu sasa. Police nationale, Gendarmerie, PNC, polisi ya RCD, kisha PNC tena. Mtu mmoja, muji mmoja, kazi moja: kukamata mwizi, kutenganisha wanaopigana, kuandika mashitaka. Lakini kofia ni zaidi ya nne. Na kila mara kofia inabadilika, faili yake ilipaswa kuhama pamoja naye: namba yake, mwaka aliingia, vyeo alivyopanda. Katika inchi ambamo maofisi yaliporwa mara kwa mara, nani alibeba faili hizo? Pensheni haihesabiwi kwa jasho, inahesabiwa kwa karatasi. Mtu aliyetumika miaka 37 anaweza kujikuta mbele ya karani anayemuomba aonyeshe karatasi ya mwaka 1970.

Mwaka 2007, mtu wetu ana miaka 57. Ni ule ule umri wa agent wa FBI kurudisha silaha. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulileta EUPOL RDC, watu wake wa kusaidia kutengeneza polisi ya Kongo, na walibaki mpaka mwaka 2014. Kule Kinshasa walizungumza juu ya polisi mpya. Kule Kabambare polisi mzee alikuwa angali mahali pake.

Kazi yenyewe ni nini

Watu wanazoea kuona polisi paka kwenye bariere, wakafikiri kazi yake ni hiyo. Hapana. Kwa sheria, polisi aliye OPJ ni mlango wa kwanza wa haki. Anasikiliza mshitaki, anaandika, anatafuta ushahidi, anapeleka faili kwa parquet. Katiba yetu, katika article 18, inamfunga mikono: hawezi kumuweka mtu buloko zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mkubwa wa sheria.

Saa 48. Katika muji mkubwa, saa 48 ni siku mbili. Katika Kabambare, wakati wa mvua, saa 48 inaweza kuishia njiani, pikipiki imekwama katika matope. Toka Kasongo mpaka Kindu peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Hivi polisi anabaki na njia tatu. Ya kwanza, anamuachilia mtu, na familia iliyoumizwa inasema amekula feza. Ya pili, anamchunga buloko siku nyingi, anavunja Katiba, na mfungwa anakula kile mama yake anamletea. Ya tatu, anakalisha pande zote mbili chini, wanapatana, anachukua "kalamu na karatasi", ni kusema kitu kidogo. Njia ya tatu ndiyo inapitwa sana. Wengine wanaiita rushwa, wengine wanaiita hekima. Mara nyingi ni vyote viwili.

Lakini kuna makosa ambayo njia ya tatu imefungwa kabisa. Sheria za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya ubakaji zinakataza kumaliza mambo hayo kwa faini ya mapatano, na zinataka uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja. Salamabila inahitaji sheria hizo kuliko muji mwingi. Madaktari wa MSF walifanya kazi huko na kutibu wanawake wengi sana waliobakwa, njiani, mashambani, karibu na migodi. Dawa inaponya mwili. Lakini mama aliyepona anahitaji mtu wa kuandika jina lake vizuri, bila kumcheka, bila kumuomba feza ya karatasi, bila kwenda kumwambia aliyemtenda.

Polisi wa namna hiyo wako. Inchi nzima ilimjua Honorine Munyole, aliyeongoza polisi ya ulinzi wa mwanamke na mtoto kule Bukavu, kisha Kisangani. Watu walimuita Maman Colonel, na mwaka 2017 Dieudo Hamadi alitoa filamu juu yake. Tukimtaja ni kwa sababu moja: anaonyesha kwamba mtu aliyevaa kofia ile ile, katika Leta ile ile maskini, anaweza kuwa mahali raia wanakimbilia. Ni kazi inayojifunzwa kwa miaka, na inapotea mtu akiondoka bila kumfundisha mwingine.

Dhahabu na bunduki

Sasa tuongeze dhahabu. Namoya ilijulikana toka wakati wa Wabeleji, na baadaye ilitajwa katika habari za SOMINKI, ile kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976. Kisha kampuni ya Canada, Banro, ilijenga kiwanda kikubwa, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba kinatoa dhahabu kwa biashara. Pembeni yake walikuwepo wachimbaji wadogo, waliosema mashimo ni ya babu zao, na kundi la Mai-Mai Malaika, lenye bunduki.

Mwezi wa 3 mwaka 2017 watumishi watano wa mgodi walikamatwa mateka, wakaachiliwa mwezi wa 5. Mwezi wa 7 mwaka 2019 wengine wanne wakakamatwa. Mwaka huo huo kampuni ilisimamisha kazi Namoya. Katika miaka hiyo askari wa FARDC walitumwa, MONUSCO ilifika, na kila mara risasi zilipolia raia walikimbilia porini.

Polisi alikuwa wapi katika habari hizo? Alikuwepo, lakini katikati. Mbele yake kundi lenye silaha kuliko yeye. Nyuma yake jeshi lisilomuomba shauri. Upande mmoja kampuni, upande mwingine kijana wa shimo, ambaye pengine ni mpwa wake. Sheria ya polisi ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2011 inasema polisi ni ya kiraia, haina chama, iko kwa kutumikia taifa lote. Ni maneno mazuri kabisa. Lakini mtu wa kuyatimiza anahitaji redio ya mawasiliano, mafuta ya pikipiki, na mshahara unaofika.

Juu ya mshahara, tuseme ukweli wote. Toka mwaka 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia mabanki, na kule banki haiko Caritas ilipewa kazi ya kulipa. Hiyo ilipunguza ule ujanja wa zamani, wakati feza ilipita mkononi mwa komanda na kila mkono ulikata kipande. Ni hatua, na tunaisifu. Lakini kwa mtu wa mbali, kwenda kutafuta mshahara ni safari, na safari inakula mshahara.

Kwa nini mzee haachi kofia

Hapa tunafika kwenye swali letu. Mwaka 2013, tarehe 1 mwezi wa 6, ilitoka sheria ya hadhi ya watumishi wa polisi. Inasema ginsi mtu anaingia, ginsi anapanda cheo, na ginsi anatoka, kwa retreti, ni kusema mapumziko ya mtu aliyezeeka kazini. Basi sheria iko. Mbona wazee wangali na bunduki?

Jibu kila jamaa ya polisi inalijua. Ukiwa kazini, ata na mshahara mdogo, kitu kinaingia. Siku unaandikiwa retreti, mshahara unakatika, na feza ya kumaliza kazi unaingojea. Unaweza kuingojea mpaka unakufa. Tena nyumba ya kambi inabidi utoke. Hivi mtu mwenye miaka 65 anaficha mvi chini ya kofia na anaomba Mungu orodha isifike. Na Leta nayo, ikijua haina feza ya kumlipa, inafunga macho. Wote wawili wanajifanya hawaoni.

Wengine watasema: mwache mzee wa watu ale mkate wake, anamsumbua nani? Tunajibu kwa heshima: inamsumbua kila mtu.

Inamsumbua kijana, sababu mahali hapajaachwa, hapaingii mtu. Msichana wa Salamabila aliyemaliza shule, ambaye angeweza kuwa OPJ wa kusikiliza wanawake wenzake, anangoja kiti ambacho mzee anaogopa kuamuka. Inamsumbua raia, sababu polisi asiyetegemea pensheni anajitengenezea pensheni yake mwenyewe, franka kwa franka, kwenye bariere na buloko. Mama anayepita na beseni ya mawese ndiye anayelipa retreti ya Leta. Na inasumbua amani yenyewe. Raia aliyechoka kulipa kwa polisi anapeleka kesi yake kwa mwenye bunduki msituni, sababu huyo anakata kesi siku ile ile. Hivyo ndivyo kundi la silaha linageuka serikali.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Polisi aliyekaa miaka 30 katika territoire moja anajua mipaka ya mashamba, anajua jamaa gani ya Babuyu na gani ya Bangubangu ilioana, anajua nani alichoma nyumba ya nani mwaka gani. Kama anatoka kwa aibu, ao kama anafia kazini, maktaba hiyo inazikwa pamoja naye.

Nini inawezekana

Haiombi miujiza. Ya kwanza, faili. Kila komisariya ya Kasongo na Kabambare inaweza kuandika orodha ya watu wake, umri wao, mwaka waliingia, na kofia zote walizovaa. Pale karatasi ilipotea, ushuhuda wa wenzake wa kazi na wa wakubwa wa eneo uandikwe na ukubaliwe, sababu si wao waliopora maofisi.

Ya pili, feza itangulie barua. Mtu asiondolewe kwenye orodha ya mshahara kabla ya kupokea malipo yake ya kumaliza kazi. Bora kuwapumzisha wazee 10 kwa kweli kuliko kutangaza retreti ya 100 kwenye karatasi.

Ya tatu, mzee asitupwe. Toka mwaka 2013 inchi ina mpango wa mabaraza ya usalama wa karibu, ambamo wakubwa wa eneo, polisi na raia wanakaa pamoja kuzungumza juu ya usalama wa kwao. Hapo ndipo mahali pa polisi aliyestaafu: bila silaha, bila kudai kitu, paka na akili yake na kumbukumbu zake. Vijana wanaoingia wajifunze kwake.

Serikali ikituma askari wengine Salamabila, tutafurahi, sababu raia wamelala porini mara nyingi sana. Lakini askari wa operesheni anakuja na anarudi. Anayebaki ni polisi. Leo kijana wa Kabambare anayefikiri kuvaa kofia hiyo haangalii kwanza sheria ya mwaka 2011 wala ya 2013. Anaangalia yule jirani aliyeivaa kabla yake: anakula nini, analala wapi, na watu wanamsalimia ginsi gani akipita. Hapo ndipo anaamua atakuwa polisi wa namna gani.